Kiyeyushi na Dawa Yake Visitenganishwe: Hotuba kwa Watoa Huduma za Sindano na Chanjo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, waganga wafawidhi wa vituo vya afya na zahanati, wafamasia, wauguzi na wakunga wenzangu, nanyi wahudumu wa chanjo mliosafiri kutoka mbali ili kuwa nasi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie matumizi salama ya viyeyushi vya dawa za sindano, yaani maji na vimiminika tunavyochanganyia dawa ya unga kabla ya kumchoma mgonjwa, pamoja na madhara yanayoweza kuletwa na vimiminika hivyo. Ninalo jambo moja la msingi, na mengine yote nitakayoyasema yanalitumikia hilo: kiyeyushi kinapaswa kukaa pamoja na dawa yake, kama chanda na pete, tangu bohari hadi kwenye bomba la sindano, na mahali pa kwanza pa kuzuia ajali ni kwenye rafu na kwenye jokofu, kabla muuguzi hajashika chochote mkononi.

Mnamo Septemba 2014, katika mkoa wa Idlib huko Syria, nchi ikiwa vitani, watoto 15 walifariki baada ya kupewa chanjo ya surua. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli ni atrakuriamu kutumika badala ya kiyeyushi cha chanjo. Atrakuriamu ni dawa ya kulegeza misuli, nayo hutumika katika chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi na akisaidiwa kupumua. Mtoto akichomwa dawa hiyo bila msaada wa kupumua, misuli ya kifua hulegea na pumzi hukatika ilhali bado ana fahamu zake, na hana nguvu hata ya kulia. Naomba mzingatie kwamba atrakuriamu huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ubaridi ule ule wa chanjo, na kwamba ampuli yake ni ndogo, yenye kimiminika, inayoweza kudhaniwa kwa urahisi kuwa ampuli ya kiyeyushi. Kwa hiyo dawa hizi mbili hukutana jokofuni kwa sababu inayoeleweka kabisa, na mtu mwenye foleni ya akina mama mlangoni hunyoosha mkono na kuchukua kilicho karibu.

Haikupita miaka mingi jambo kama hilo likatokea tena. Mwezi Julai 2018, katika kisiwa cha Savai'i nchini Samoa, watoto wawili walifariki dakika chache baada ya kuchanjwa dhidi ya surua, matumbwitumbwi na rubela, kwa kuwa unga wa chanjo ulikuwa umechanganywa na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake. Wauguzi wawili walikiri kosa la kuua bila kukusudia, na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Madhara hayakuishia hapo. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, wazazi wakaingiwa na hofu, idadi ya watoto wanaochanjwa ikaporomoka, na surua ilipoingia nchini mwishoni mwa mwaka 2019 ilikuta watoto wengi hawana kinga. Watu zaidi ya 5,700 waliugua na 83 walifariki, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika nchi yenye watu takriban laki mbili tu, msiba huo uligusa karibu kila ukoo, na chanzo kimojawapo kilikuwa ampuli iliyokaa mahali pasipo pake.

Sasa tutazame majokofu yetu wenyewe. Zahanati nyingi zina jokofu moja. Oksitosini inahitaji ubaridi, insulini inahitaji ubaridi, na mkunga ambaye hana jokofu la pili hana pengine pa kuziweka. Sisemi oksitosini iachwe nje kwenye joto, maana itapoteza nguvu, na mama atakapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua dawa haitamsaidia. Ninachosema ni kwamba kama ni lazima zikae katika jokofu moja, oksitosini iwekwe kwenye kasha lake lenye mfuniko na maandishi makubwa, katika sehemu yake, na isichangamane kamwe na trei ya viyeyushi. Dawa za kulegeza misuli, kwa upande wake, hazina kisingizio chochote cha kuwemo katika jokofu la chanjo, kwa kuwa mahali pake ni jokofu la chumba cha upasuaji, chini ya kufuli. Mganga mfawidhi asimwachie muuguzi wa zamu kazi ya kulipanga jokofu la chanjo, bali alikague yeye mwenyewe pamoja na mfamasia, wakitoa kila kitu na kukirudisha kimoja kimoja huku wakisoma maandishi yake.

Kuhusu chanjo za unga, ambazo kwetu ni BCG (chanjo ya kifua kikuu), surua na rubela, pamoja na homa ya manjano kwa wanaoihitaji, kila moja hutengenezwa pamoja na kiyeyushi chake, na kiyeyushi cha kiwanda kimoja hakitumiki kwa chanjo ya kiwanda kingine hata kama jina la chanjo ni lile lile. Ujazo pia ni sehemu ya dawa. Kichupa cha BCG cha dozi 20 za vichanga huchanganywa na mililita 1, kwa sababu kila kichanga hupata mililita 0.05 tu ndani ya ngozi. Kichupa cha surua na rubela cha dozi 10 huchanganywa na mililita 5, na kila mtoto hupata mililita 0.5. Mtu akibadilisha viyeyushi hivyo viwili, watoto wa upande mmoja watapata chanjo iliyokolea kupita kiasi na wa upande mwingine watapata iliyozimuliwa isiyo na kinga ya kutosha. Kiyeyushi kipozwe hadi kifikie ubaridi wa chanjo kabla ya kuchanganya, kwa kuwa kimiminika cha moto huua virusi au bakteria hai waliomo kwenye unga, lakini kisigandishwe, maana ampuli ikiganda hupasuka kwa ufa mwembamba usioonekana kwa urahisi, na vijidudu hupata njia.

Baada ya kuchanganywa, chanjo hizi hazina kihifadhi cha kuzuia bakteria kuzaliana. Ndiyo maana zinapaswa kumwagwa baada ya saa 6 au mwisho wa kliniki, lolote litakalotangulia. Mwezi Mei 2017 nchini Sudan Kusini, katika eneo la Kapoeta, watoto 15 walifariki kwenye kampeni ya chanjo ya surua. Serikali na mashirika ya kimataifa walieleza yaliyobainika: bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa vichupa vingi kwa siku zote nne za kampeni, chanjo haikuhifadhiwa kwenye ubaridi, na waliokuwa wakichoma hawakuwa na mafunzo, wengine wakiwa watoto wa umri wa miaka 12. Chanjo ikichafuka hivyo, dalili huanza ndani ya saa chache: homa kali, kutapika, kuharisha majimaji, kisha mtoto hulegea na huweza kufariki upesi mno. Mzazi akirudi jioni na mtoto wa namna hiyo, tusimwambie kwamba ni homa ya kawaida ya chanjo. Homa ya chanjo ya surua huja siku kadhaa baadaye, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 12, na haiji jioni ile ile ikiambatana na kuharisha.

Kuhusu bomba la kuchanganyia naongeza neno, kwa sababu hapa ndipo ninapoona tumejisahau. Mabomba yetu ya kuchomea chanjo hujifunga yenyewe baada ya matumizi, na hilo limeokoa maisha ya wengi. Bomba la kuchanganyia ni jingine, na baadhi ya kliniki huliona kama kifaa cha mezani, linaloingia kichupa hiki na kile mchana kutwa. Kichupa kimoja kina haki ya bomba lake jipya na sindano yake mpya. Baada ya kunyonya kiyeyushi na kukiingiza kwenye unga, bomba hilo na sindano yake vinakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama, na sindano haiachwi imesimama kwenye mfuniko wa mpira wa kichupa, kama tunavyoona mara kwa mara, maana mlango huo huwa wazi kwa vijidudu kutwa nzima.

Waheshimiwa waganga wafawidhi, naomba niseme na nyinyi waziwazi juu ya kumwaga dawa. Muuguzi akifungua kichupa cha dozi 10 kwa ajili ya watoto watatu, dozi saba zitamwagwa. Akiwa anajua kwamba mwisho wa mwezi ataitwa kueleza kwa nini chanjo imepotea, atafanya moja kati ya mambo mawili: ama atawarudisha akina mama nyumbani mpaka watimie kumi, ama ataficha kichupa jokofuni kitumike kesho. Jambo la kwanza linawaacha watoto bila kinga, kwa kuwa mama aliyetembea saa mbili akiwa na mtoto mgongoni huenda asirudi tena. Jambo la pili linaweza kuua. Upotevu wa namna hii umekwishahesabiwa katika makadirio ya chanjo na si uzembe wa mtu. Kiongozi anayemkaripia muuguzi kwa kumwaga kichupa kilichopita saa 6 anajitengenezea ajali kwa mikono yake, nami naliona hilo kuwa kosa zito kuliko hasara yoyote ya chanjo.

Tutoke kwenye chanjo, twende wodini. Nimeileta boksi ya artesuneti, dawa ya malaria kali, ili tuitazame kwa karibu. Ndani yake mna kichupa chenye unga mweupe wa miligramu 60, ampuli ndogo ya mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5, na ampuli ya mililita 5 ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Bikaboneti inaingia kwanza, peke yake. Tikisa mpaka unga uyeyuke wote na kimiminika kiwe angavu. Mtaona mapovu yakipanda, ambayo ni gesi ya kaboni inayotokana na unga kukutana na bikaboneti, hivyo toeni hewa hiyo kwa sindano kabla ya kuendelea. Hapo ndipo maji ya chumvi mililita 5 yanapoingia, mkapata jumla ya mililita 6 zenye miligramu 10 kwa kila mililita, kwa ajili ya mshipa. Kwa ajili ya msuli, maji ya chumvi huwa mililita 2 tu, na dawa hukolea hadi miligramu 20 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 8, ambaye kipimo chake ni miligramu 3 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 24. Kwenye mshipa hizo ni mililita 2.4, na kwenye msuli ni mililita 1.2. Mkisahau mlichanganya kwa njia ipi, mtoto atapata nusu ya dawa au maradufu yake, na kwa malaria kali nusu ya dawa ni hatari kubwa. Dawa itumike ndani ya saa moja. Ikibaki na ukungu, imwagwe.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama ampuli ya bikaboneti ikivunjika inaruhusiwa kutumia maji ya sindano ya kawaida. Hairuhusiwi. Artesuneti haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, na punje zisizoyeyuka hazina kazi katika mshipa wa mtoto. Fungueni boksi nyingine. Aidha, siku hizi yapo maboksi ya artesuneti yenye kiyeyushi kimoja tu badala ya viwili, kwa hiyo aliyezoea boksi ya zamani asiende kwa mazoea, asome karatasi iliyomo ndani.

Seftriaksoni, antibiotiki ya kuua bakteria, ndiyo dawa ya sindano tunayoiona kila mahali, tangu hospitali ya rufaa hadi duka la dawa la mtaani ambako haipaswi hata kuchomwa. Gramu moja ya kwenye mshipa huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano na kuingizwa polepole kwa dakika 2 hadi 4. Gramu moja ya kwenye msuli huweza kuyeyushwa kwa dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 1, takriban mililita 3.5, kwa sababu inauma mno, na baadhi ya maboksi huja na ampuli ya lignokaini hiyo. Hapo pana mtego. Seftriaksoni iliyochanganywa na lignokaini haiingii kwenye mshipa kwa hali yoyote. Mgonjwa aliyechomwa kimakosa huanza kuhisi ganzi mdomoni na kizunguzungu, masikio yakavuma, kisha huweza kupata degedege na mapigo ya moyo kuvurugika. Na kabla hata ya kuichoma kwenye msuli, ulizeni kama amewahi kupata mzio kwa dawa ya ganzi, mathalani alipong'olewa jino.

Seftriaksoni haipatani pia na madini ya kalisi. Ringa lakteti, aina ya maji ya dripu, ina kalisi, kwa hiyo dawa hii haiyeyushwi kwa Ringa wala haipitishwi kwenye mrija mmoja nayo kwa wakati mmoja. Vichanga kadhaa walifariki, na chembe ngumu za dawa na kalisi zikakutwa kwenye mapafu na figo zao. Tangu mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikitoa tahadhari juu ya hilo. Kwa kichanga wa siku 28 au pungufu anayepewa au atakayepewa dripu yenye kalisi, seftriaksoni haitumiki kabisa. Kwa mtu mzima, mrija usafishwe vizuri kwa maji ya chumvi kati ya dawa hizo mbili.

Vichanga wanatudai uangalifu zaidi ya wengine wote. Mwaka 1982 nchini Marekani iliripotiwa kwamba vichanga zaidi ya kumi, wengi wao njiti, walifariki kwa sababu ya alkoholi ya benzili, kihifadhi kinachotiwa katika baadhi ya maji ya sindano na maji ya chumvi ili kichupa kimoja kitumike mara nyingi bila kuchafuka. Maji hayo yalitumika kusafishia mirija yao na kuyeyushia dawa zao. Ini la njiti halina uwezo wa kuiondoa alkoholi hiyo, hivyo ilijikusanya, damu ikawa na asidi nyingi, na watoto wakaanza kupumua kwa kutweta hadi pumzi zikakoma. Kihifadhi hicho hakimdhuru mtu mzima kwa kiasi kidogo. Katika wodi ya vichanga, chupa yoyote yenye maneno ya kuonyesha kwamba ina kihifadhi isivuke mlango.

Hata viyeyushi vilivyo vya kawaida kabisa vina madhara yake. Maji ya sindano yasiyo na chumvi, yakiingia kwenye mshipa kwa wingi bila dawa au chumvi ndani yake, hupasua seli nyekundu za damu na kuziumiza figo. Maji ya chumvi yakizidi humjaza uvimbe mgonjwa wa moyo au wa figo, na kwa njiti hata yale ya kusafishia mrija yanapaswa kuhesabiwa katika jumla ya maji ya siku. Ampuli ya kloridi ya potasiamu iliyokolea, ikidhaniwa kuwa maji ya chumvi, husimamisha moyo. Ndiyo sababu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe kwenye makabati ya wodi za kawaida. Amfoterisini, dawa ya fangasi, haitaki maji ya chumvi bali glukosi ya asilimia 5, ilhali fenitoini, dawa ya degedege, haitaki glukosi bali maji ya chumvi, na anayebadilisha ataona utando au punje zikijitokeza kwenye bomba, ikiwa tu atalitazama.

Kwa wakunga: magnesiamu salfeti ya asilimia 50 haiingii kwenye mshipa ikiwa hivyo ilivyo. Gramu 4 ni mililita 8. Ongezeni mililita 12 za maji ya sindano mpate mililita 20 za asilimia 20, kisha ziingizwe polepole kwa dakika 5 hadi 20. Mama mwenye kifafa cha mimba hutetemesha mikono ya kila mtu chumbani, kwa hiyo hesabu hiyo ibandikwe ukutani, juu ya meza ya dharura, isitegemee kumbukumbu ya mtu saa nane za usiku.

Limebaki suala la chupa ya maji ya chumvi inayotundikwa asubuhi ili kila muuguzi anyonye humo. Katika mji wa Fremont, jimbo la Nebraska huko Marekani, wagonjwa 99 wa kliniki moja ya saratani waliambukizwa homa ya ini aina ya C kati ya mwaka 2000 na 2001, kwa sababu bomba lililokwisha kugusa damu ya mgonjwa lilirudishwa kwenye mfuko wa maji ya chumvi uliotumiwa na wagonjwa wengi. Kama hilo lilitokea katika nchi isiyo na uhaba wa vifaa, sisi tunaobana matumizi tuko karibu nalo zaidi. Ampuli ndogo ya mililita 10 kwa mgonjwa mmoja ina bei, lakini ni nafuu kuliko matibabu ya ini, na maombi ya kuagizwa ampuli hizo yanapaswa kuandikwa kwenye fomu ya robo mwaka, wala yasibaki kuwa malalamiko ya vyumba vya chai.

Na ajali ikitokea? Mhudumieni mgonjwa kwanza: njia ya hewa, kupumua, adrenalini ikiwa ni mshtuko wa mzio, kalisi glukoneti ikiwa magnesiamu imezidi. Mkilegezewa mtoto na dawa ya misuli, mpumulieni kwa mfuko na barakoa bila kuchoka, kwa maana dawa hiyo huisha nguvu yenyewe na pumzi hurudi. Baada ya hapo andikeni taarifa siku hiyo hiyo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mamlaka ya dawa, mkitaja jina la dawa na la kiyeyushi, namba ya toleo ya kila kimoja na saa kilipofunguliwa. Aliyetoa taarifa mapema alindwe, maana tukimfukuza, atakayekosea baada yake ataficha, nasi hatutajua jokofu lipi lina ampuli isiyo mahali pake. Kichupa, ampuli tupu, bomba na boksi visitupwe. Vitiwe katika mfuko mmoja, viandikwe tarehe na jina la kituo, na vihifadhiwe kwenye ubaridi, mbali na chanjo zinazotumika, mpaka wachunguzi watakapofika kuvichukua.